Majani Mabichi, Mwezi wa Tisa

Mpangaji wangu alibisha hodi saa kumi na moja alfajiri,
na saa kumi na moja yake ndiyo saa kumi na moja yangu.
Hicho ndicho kitu cha kwanza tulichopatana:
kwao pia jua likichomoza ni saa moja,
si kama wale wa mradi
wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane,
kama wezi.

"Mama Nyemo, nyasi mbichi napata wapi?"

Nyasi mbichi. Mpunguzi. Mwezi wa tisa.
Nilimtazama kama mtu aliyeomba samaki kwa mchunga mbuzi.
Huku hata kivuli kimekonda,
upepo unafagia uwanja kabla sijashika ufagio,
na mbuzi wanatafuna mfuko wa saruji
wakijua wanajidanganya.

Kumbe kesho kwao Ethiopia ni Mwaka Mpya.
Kwao, anasema Wubit, mvua ndiyo kwanza zinaaga,
milima imevaa njano hadi magotini,
watu hutandaza nyasi ndani ya nyumba
ili mwaka uingie ukikanyaga ubichi.
Mwaka wa tatu huu anatuchimbia visima.
Anajua maji yamelala mita ngapi chini ya nyayo zetu,
na hana wa kumletea nyasi konzi moja.

Nikachukua mundu.
Shambani zabibu hunyweshwa kwa mipira, tone, tone,
na chini ya kila tundu huota ndevu za kijani
ambazo msimamizi hunilipa nizing'oe.
Siku ile nilizikata kama anayevuna.
Mstari wa saba. Wa nane.
Wa tisa, alioupanda Sakalani kwa mkono wake,
niliukata taratibu.
Maua niliyapata kwenye mjohoro wa zahanati,
ya njano, yana vumbi.
Nikayapangusa kwa upindo wa khanga.

Nafaka yao haipo sokoni kwetu;
alichachusha uwele siku tatu,
ukatoka mkate mpana wenye macho elfu.
Uwele nimeula miaka hamsini na miwili
na sikujua unatutazama.

Kahawa vikombe vitatu, kila kimoja na jina lake.
"Na hiki cha tatu?"
"Baraka."
"Baraka ni neno letu," nikasema.
"Ni letu," akajibu,
tukaliacha hapo.

Akampigia mama yake.
Vigelegele vilifika vipande vipande, mtandao ukivitafuna.
Alipokata simu alijifuta macho.
Moshi wa ubani, alisema.
Ubani ulikuwa haujawashwa.

Ili nisimuulize kingine, nikamuuliza
mwaka unaoingia ni wa ngapi.
"Elfu mbili na kumi na saba."
Akacheka: sisi tuko nyuma yenu miaka saba,
tuna na mwezi mzima wa siku tano.

Kumi na saba.
Nikaweka kikombe chini.
Kumi na saba naujua, nilikuwemo.
Bati la jikoni ni jipya.
Nyemo yuko darasa la pili, hana meno ya mbele.
Sakalani anarudi kutoka mstari wa tisa,
kijiti cha mzabibu kimebaki sikioni kama kalamu ya seremala,
ananiita kwa jina ambalo hapa silitaji.
Machi ya kumi na nane iko mbali:
mvua nzima, na nusu ya nyingine.

Sikumwambia Wubit.
Mwaka ulikuwa wake, mimi mgeni tu ndani yake.
Niliomba kikombe cha nne, kisicho na jina,
nikakiweka kando, juu ya nyasi, pasipo mtu.
Alikitazama. Alinitazama.
Kisha akakijaza mpaka ukingoni.

Asubuhi mlango ulikuwa wazi.
Mbuzi walikuwa wamekula Mwaka Mpya wote,
hadi chini ya kitanda,
na beberu amesimama kizingitini,
ua moja la njano limemning'inia mdomoni,
anatukodolea macho
kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.